Ufunguo wa Nyumba ya Ikoni: Barua kwa Mwanangu

Mji Mkongwe, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Baba yako ni mzima, ila goti lake humsumbua kila masika, na mdogo wako anakusalimu sana. Nimezipata habari zako kwamba chuo kikifungwa mwezi wa saba utapanda ndege Dar es Salaam kwenda Moroni, kule Komoro, na kwamba mjomba wako atakupokea. Habari hizo zilinikalisha kitako. Baadaye niliinuka, nikafungua kasha langu, nikatoa ufunguo ambao sikuwa nimeushika kwa miaka mingi. Mjomba wako anao ufunguo wa mlango wa mbele. Huu ninaokufungia pamoja na barua hii ni wa chumba cha ndani, na chumba hicho ndicho ulichozaliwa.

Ulitoka Ikoni, mji wetu kule Ngazija, ukiwa na siku arubaini, umefunikwa leso ya bibi yako, na hukurudi tena. Hilo halikuwa kosa lako. Mwanzo nauli ilinishinda, kisha bibi yako akafariki, na baada ya hapo kila nilipotaka kwenda moyo wangu ulikuwa ukirudi nyuma, kwa sababu sikujua ningeingiaje katika nyumba ile bila ya yeye kunifungulia. Sasa unakwenda peke yako, nami nimeona nikuandikie kabla hujasafiri, maana mambo ninayotaka kukwambia hayaenei katika simu, na sitaki ushuke Ngazija kama mgeni aliyekuja kupiga picha za mlima na pwani. Unakwenda kwenu.

Itazame kwanza ardhi yenyewe. Sisi wa Unguja tumezoea kisiwa cha matumbawe: ukichimba unakuta jiwe jeupe, ukilichoma unapata chokaa, na ukisimama Makunduchi unaona kisiwa kimelala karibu sawa na maji. Visiwa vile havikulala. Vyote vinne, yaani Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, vilipanda kutoka chini ya bahari kwa nguvu ya moto, katika mlango wa kaskazini wa Mkondo wa Msumbiji, kati ya bara la Afrika na Madagaska. Waarabu waliviita Juzur al-Qamar, visiwa vya mwezi, na jina la Komoro likatokana na hapo; wenyeji wakivitaja kwa pamoja husema masiwa, neno ambalo hutahitaji kufasiriwa. Maore ndicho kikongwe, kimeshaliwa na mvua na mawimbi hata milima yake imekuwa mifupi, na pembezoni mwake kuna bahari pana iliyotulia ndani ya ukuta wa matumbawe. Ngazija ndicho kikubwa kwa eneo lakini ndicho kichanga kwa umri, na moto wake haujazimika.

Ndege ikikaribia kushuka Hahaya, tazama dirishani. Utaona mawe meusi yamemiminika kutoka mlimani hadi baharini kama uji uliofurika chunguni ukaganda njiani, na juu ya mawe hayo utaona mahali pengine pakavu kabisa, mahali pengine majani mafupi yameanza kushika, na mahali pengine minazi na migomba imeshasimama. Hivyo ndivyo wazee wanavyojua umri wa kila mkondo wa lava bila ya kuusoma kitabuni: ule uliobaki mweupe kwa kuvu ni wa juzi, ule wenye vichaka ni wa enzi za babu zao, na ule unaolimwa majimbi na mihogo hakuna anayeukumbuka ukiwa moto.

Mlima wenyewe unaitwa Karthala, na kimo chake ni mita 2,361. Siku nyingi mawingu huufunika mapema, kwa hiyo ukitaka kuuona kilele chake toka nje baada ya sala ya alfajiri. Wanaoupanda hupita kwanza mashambani, kisha hupita katika msitu mzito wenye unyevu, anamoishi bundi mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani, na kisha msitu hukoma ghafla wakatokea kwenye vichaka vigumu na jivu. Huko juu kuna shimo lenye upana wa kilomita tatu na zaidi, na ndani yake kuna shimo jingine, Chahale, ambako moto hutokea. Ukitaka kupanda, panda pamoja na kiongozi mwenyeji na mlale huko usiku mmoja kama watu wanavyofanya. Usijaribu kwenda na kurudi kwa siku moja kwa sababu tu una miguu ya miaka 20.

Watu wataniuliza, je, humwogopi mtoto wako kulala chini ya mlima wa moto? Ninaogopa, lakini kwa adabu, kama tunavyomwogopa mzee mkali ambaye pia ndiye anayetulisha. Mwezi wa Aprili mwaka 1977, nikiwa bado mtoto mchanga mgongoni mwa bibi yako, lava ilipasua ubavu wa kusini-magharibi wa mlima ikateremka hadi kijiji cha Singani, ikazifunika nyumba, na watu walikuwa wameshahamishwa. Baada ya mawe kupoa walirudi, wakajenga juu yake. Ukipita Singani, utaona nyumba zilizosimama juu ya mwamba ule ule ulioangamiza nyumba za wazazi wao, na hakuna atakayekusimulia kama jambo la ajabu.

Kisa cha mwaka 2005 ninakijua mwenyewe, na wewe pia ulikuwapo ingawa hukuona. Nilikuwa nimekwenda kwa mama yangu kujifungua, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba niliamshwa na harufu ya kiberiti, nikadhani bibi yako anawasha taa. Kulipokucha hakukukucha. Jua lilikuwa rangi ya chuma, na jivu lilikuwa likianguka kimya kimya juu ya mabati, juu ya migomba, juu ya nguo zilizoanikwa, hata watoto walipopita njiani nyayo zao zilibaki kama wametembea juu ya unga. Bibi yako hakulia wala hakukimbia. Alitoka nje na mikeka miwili na kanga zote alizokuwa nazo, akaenda kulifunika birika la maji, yaani tangi la mawe la kukingia maji ya mvua.

Hapo ndipo nilipokielewa kisiwa chetu. Ngazija haina mto. Mvua kule ni kubwa, hasa upande wa magharibi wa Karthala, lakini mwamba wa lava una matundu kama sifongo, na maji yote yanayoanguka hupenya chini, yakasafiri gizani hadi baharini na kutokea pwani yakiwa yameshachanganyika na chumvi. Kijiji kilichopo mlimani kinaweza kunyeshewa usiku kucha na asubuhi wanawake wakakosa maji ya kupikia. Kwa sababu hiyo kila nyumba yenye uwezo ina birika lake la mawe na chokaa, nalo hujazwa na maji ya paa, na maji hayo huhesabiwa kama pesa. Jivu la mwaka ule liliharibu mabirika chungu nzima, na maelfu ya watu wakabaki bila ya maji safi ya kunywa. La kwetu liliharibika pia, kwani mikeka haikutosha. Tuliishi kwa maji ya jirani yetu wa upande wa kibla, ambaye birika lake lilikuwa na kifuniko cha zege. Kila jioni alituletea ndoo moja, bila ya kuombwa, na maji uliyooshwa mara ya kwanza ulipozaliwa wiki tatu baadaye yalikuwa maji yake. Yu hai bado. Ni kikongwe sasa. Nitarudi kwake mwishoni.

Kaskazini ya kisiwa, karibu na Mitsamihuli, mjomba wako atakupeleka kuona ziwa la Nyamawi, ambalo limekaa ndani ya tundu la volkano hatua chache kutoka baharini, na maji yake ni ya chumvi, yakibadilika rangi kutoka kijani kwenda samawati kwa kadiri ya jua. Bibi yangu alinisimulia kwamba pale palikuwa na mji, na siku moja akaja mpita njia mwenye kiu akaomba maji nyumba baada ya nyumba, wakamnyima, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempa. Yule mgeni akamwambia mwanamke achukue watoto wake atoke, na alipokwisha kutoka mji ukazama, maji yakaja juu yake. Nilipokuwa mdogo niliiona kuwa hadithi ya kutisha watoto. Katika nchi isiyo na mto, mwanangu, ile ni sheria.

Sasa nije kwenye nyumba. Huku Unguja, mwanamke akiolewa mara nyingi humfuata mumewe. Kule Ngazija, mwanamume ndiye anayehamia. Baba na wajomba humjengea binti nyumba tangu akiwa mdogo, tofali kwa tofali, wakati mwingine kwa miaka kumi na tano au ishirini, na siku ya harusi bwana harusi huingizwa katika nyumba hiyo kwa msafara wa heshima wanaouita zifafa. Wakiachana, mwanamume huondoka na nguo zake. Shamba la ukoo huitwa manyahuli, nalo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, haliuzwi wala halipiti kwa wana wa kiume, ingawa kaka ndiye mwenye wajibu wa kulisimamia kwa niaba ya dada zake. Wanavyuoni wamejadiliana kwa karne nyingi jinsi desturi hii inavyokaa pamoja na sheria ya mirathi, nayo imeendelea kuishi katika nchi ambayo karibu watu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wenye misikiti katika kila kitongoji. Ukiona mjomba wako anakuuliza wewe kabla ya kupaka rangi mlango, usidhani anakutania. Anaomba ruhusa.

Mimi niliyevunja mnyororo huo ni binti wa pekee wa mama yangu. Nilimfuata baba yako, naye ni mtu mwema, sijajuta kuolewa naye hata siku moja. Lakini babu yako alikuwa ameshainua kuta, na bibi yako aliishi humo peke yake hadi mwisho wake, akifagia chumba changu kila Ijumaa. Nilipokuwa nikimpigia simu alikuwa akiniambia maji ya birika yamefika wapi, na sikuwa nikielewa kwa nini ananieleza jambo hilo mimi niliye mbali. Leo ninaelewa. Alikuwa ananipa hesabu ya mali yangu.

Ikoni ni mji wa wavuvi na wa masultani wa Bambao, na magofu ya kasri lao, Kapviridjewe, yako mpaka leo karibu na bahari. Nyuma ya mji kuna kilima cha volkano iliyokufa, ambacho upande mmoja umekatika ukawa jabali linaloteremka moja kwa moja baharini. Mwanzoni mwa karne ya 19 wavamizi kutoka Madagaska walikuwa wakija na mitumbwi mingi kuteka watu na kuwauza utumwani, na walipoushambulia mji wa Ikoni, wanawake waliokuwa wamekimbilia juu ya jabali wakaona njia imezibwa, wakajitupa baharini kuliko kukamatwa. Hatukufundishwa kisa hiki shuleni kwanza. Tulikisikia kutoka kwa mama zetu, tukiwa tumekaa chini ya jabali lenyewe tunatoa magamba ya samaki. Nenda pale jioni. Usipige kelele, na ukiweza wasomee Fatiha.

Usiku utasikia ngoma, kwa kuwa mwezi wa saba na wa nane ndiyo wakati wa harusi, Wangazija wanaokaa Ufaransa wakirudi likizo, hasa wale wa Marseille ambako wako kwa maelfu. Harusi utakazoziona si harusi kama zetu. Mwanamume wa Ngazija anaweza kuwa ameoa na ana watoto wakubwa, lakini kama hajafanya ada, yaani harusi kubwa ya kimji, bado huitwa mnamji, mwana wa mji, hata akiwa na mvi. Akishaifanya huwa mdru mdzima, mtu mzima, na hapo ndipo anapopata haki ya kusema katika bangwe, uwanja wenye mabaraza ya mawe ambako mambo ya mji huamuliwa, kuvaa joho la heshima, na kukaa safu ya mbele. Shughuli huenda kwa siku nyingi: kuna majlisi ya kusoma, kuna twarabu ya usiku kucha, kuna jaliko wanayocheza wanaume kwa mwendo wa taratibu, kuna siku ya wanawake ambayo nyimbo zao hutaja nasaba ya bibi harusi kizazi baada ya kizazi, na kuna siku ya kuonyesha dhahabu. Wali na nyama na pesa hugawiwa kwa kila hirimu, yaani kila rika, nawe unalijua neno hirimu, ni lile lile letu, isipokuwa kule hirimu ni kundi rasmi lenye cheo chake, kazi zake za mji na fungu lake.

Utasikia vijana wenzako wakiilaumu ada kwamba inafilisi watu, na siwezi kukwambia kuwa wanasema uongo. Namjua mtu wa ukoo wetu aliyeosha vyombo katika mikahawa ya Ufaransa kwa miaka ishirini na mbili ili amalize ada yake, akarudi na mgongo umekunjika. Gharama zile zinaumiza, na ningependa zipunguzwe. Hata hivyo nimeona pia msikiti uliojengwa kwa michango ya ada, na barabara ya kijiji, na shule, na nimemwona mtu yule mwenye mgongo uliokunjika siku alipoinuka bangweni kwa mara ya kwanza akasema neno lake na watu wakanyamaza kumsikiliza. Siku hiyo alisimama wima. Kwa hiyo sikiliza pande zote mbili, wala usiwe mwepesi wa kuhukumu kabla hujakaa nao japo harusi moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Lugha haitakupa shida kubwa. Kishingazija na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na masultani wa kule waliandikiana barua kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu. Kwa siku mbili za kwanza utadhani unasikia Kiswahili kupitia ukutani. Baada ya hapo ukuta utaondoka. Lakini kuna mambo mawili usiyakosee. Ukimkuta mtu mzima, mwambie "kwezi", naye atakuitikia "mbona". Hiyo ndiyo shikamoo yao, na usishangae kuona unajibiwa kwa neno ambalo kwetu ni la kuulizia. Na ukipewa kitu sema "marahaba", kwani kule marahaba ni asante. Mara yangu ya kwanza Unguja, nilipopewa chai na mama mkwe wangu nikasema marahaba, na chumba kizima kikanyamaza, wakidhani nimejifanya mkubwa wao.

Udugu huu ni wa zamani sana. Tarikh ya Kilwa, inapoeleza majahazi saba ya Washirazi yaliyotawanyika katika pwani yetu, inasema jahazi la saba lilifika Hinzuan, yaani Nzwani. Baadaye wakaja wanavyuoni: Sheikh Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa wa Unguja ambaye Wazanzibari wanajivunia elimu yake, alizaliwa Itsandra mwaka 1861, saa moja kwa miguu kutoka Moroni, akafariki hapa Unguja mwaka 1925. Twarabu ilitoka huku ikaenda kule, na kofia za kutariziwa kwa mkono zilitoka kule zikaja huku. Jumbe Fatima, malkia wa Mwali katika karne ya 19, binti wa mkimbizi mtukufu kutoka Madagaska, aliolewa na mtu wa kutoka Unguja. Tunapoulizwa hapa mtaani kama sisi ni watu wa wapi, swali hilo lina majibu mengi kuliko muulizaji anavyofikiri.

Kuhusu visiwa vingine nitasema kwa ufupi, kwani sijui kama muda utakutosha. Ukipata chombo cha kuaminika, nenda Mwali, kilicho kidogo kuliko vyote na ambacho watu wake hawana haraka. Bahari yake ya kusini imehifadhiwa tangu mwaka 2001, na katika kijiji cha Itsamia wanakijiji wenyewe hulinda kasa wanaopanda usiku kutaga mchangani; zamani waliliwa, leo vijana wa kijiji hukesha kuwalinda. Kuanzia mwezi wa saba nyangumi huja na watoto wao karibu na pwani, unaweza kuwasikia wakipumua kabla ya kuwaona. Huko na Nzwani peke yake, katika dunia nzima, kuna popo mweusi mkubwa ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu, na mchana hulala akining'inia katika miti mirefu ya mabonde.

Nzwani utaijua kwa pua kabla ya macho. Ndiko yanakotoka maua ya mlangilangi, yale tunayoyafunga katika vikuba pamoja na asmini, na huchumwa alfajiri kabla jua halijayachosha, yakapelekwa siku hiyo hiyo kwenye mitambo ya kukamua mafuta kwa mvuke. Huhitajiwa takriban kilo 50 za maua kupata kilo moja ya mafuta, na mafuta hayo huishia katika manukato ya Ulaya. Wanawake wa Nzwani utawaona wamejifunika shiromani, nguo nyekundu na nyeupe wasiyoiacha hata ugenini, na nyuso zao zimepakwa msindzano, msandali uliosagwa kwa maji, kama liwa yetu. Kule kuna mito, lakini mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka, kwa kuwa misitu ya milimani imekatwa kwa ajili ya mashamba na kuni, zikiwamo kuni za mitambo ya mlangilangi. Jambo hilo linanitia uchungu kuliko gharama za harusi zote. Sisi wa Ngazija tulizaliwa bila ya mto. Wao walikuwa nayo.

Na kutoka Domoni, mwaka 1952, mvuvi mmoja alivua samaki ambaye wataalamu walikuwa wakimtafuta kwa miaka kumi na minne, tangu mwenzake wa kwanza alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kabla ya hapo walidhani samaki wa ukoo ule walikwisha pamoja na wanyama wa kale waliobaki mawe tu. Wavuvi wetu walikuwa wakimjua siku zote, jina lake gombessa, na hawakumpenda kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi na haina ladha. Wavuvi wa Ikoni pia humkuta wanapovua usiku kwenye kina kirefu ndani ya ngalawa zao. Leo picha yake iko katika noti ya faranga 1,000. Utaishika siku ya kwanza utakaponunua mkate.

Maore sitakushauri kwenda, wala si kwa chuki. Visiwa vilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na tangu mwaka 1995 mtu wa Ngazija au Nzwani huhitaji viza kwenda kumtembelea shangazi yake. Wasioipata hupanda boti ndogo usiku, na bahari ile imemeza watu wengi. Desemba ya mwaka 2024 kimbunga Chido kilipokipiga kisiwa kile, watu wa Ngazija walishinda na simu mikononi wakitafuta ndugu zao. Ukisikia watu wanazungumza habari za Maore, sikiliza tu. Ni mazungumzo ya familia yenye kidonda.

Sasa nikupe kazi zako. Siku utakayofika usianze kufungua mizigo. Nenda kwanza kwa jirani wa upande wa kibla, umwambie kwezi, umbusu mkono, na umpe ile kanga ya pamba niliyoifunga katika karatasi ya buluu. Mwambie imetoka kwa mama wa mtoto wa jivu, atajua. Ukialikwa kula usikatae. Ukipikiwa mataba, majani ya muhogo yaliyopondwa na kupikwa kwa nazi, kula kwa mkono na usifu.

Kisha mwambie mjomba wako akufungulie mlango wa mbele na akuachie chumba cha ndani ukifungue mwenyewe. Fagia, fungua madirisha, soma Yasin. Baada ya hapo nenda jikoni. Nyuma ya mlango kuna ufito mrefu wa mkoko wenye alama kumi na mbili alizochonga babu yako kwa kisu, nao ndio wa kupimia maji. Inua kifuniko cha birika polepole, kwa sababu kina uzito na ukingo wake umemong'onyoka upande wa kushoto, ushushe ufito hadi uguse chini, uutoe, uhesabu kabla haujakauka.

Niandikie maji yamefika alama ya ngapi.

Wassalaam,
Mama yako